Maumbile Yaliyosingiziwa

Marekani ina michezo miwili ya mpira na gongo iliyo ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza huitwa besiboli, na wa pili softiboli. Katika yote miwili mrushaji hutupa mpira, mpigaji huukabili kwa gongo, na akijaliwa kuupiga hukimbia kuzunguka vituo vinne mpaka arejee alipoanzia, huku wapinzani wakifanya kila jitihada ya kumtoa. Mpira wa besiboli ni mdogo, hutupwa kwa mkono uliopanda juu ya bega, na vituo vyake hutengana kwa futi 90. Mpira wa softiboli ni mkubwa zaidi, mkono wa mrushaji hupita chini ya kiuno, na vituo vyake hukaribiana. Juu ya tofauti hizo pameinuliwa jengo kubwa la maneno: ya kuwa besiboli ni mchezo wa wanaume, softiboli ni mchezo wa wanawake, na mgawanyo huo haukufanywa na mtu yeyote ila maumbile yenyewe.

Wasemao hivyo si wajinga, wala si wabaya wote. Wamo waandishi wa magazeti, wenye timu, walimu wa vyuo, na akina baba wawapendao binti zao. Hoja yao husemwa kwa upole: mwanamke hana bega la kutupia mpira mbali, mifupa yake ni myepesi, na kwa hiyo alipewa mchezo wa kadiri yake, naye akaridhika nao. Lakini upole wa hoja hauwi shahidi wa ukweli wake. Maumbile hayaandiki barua, hayafuti mikataba, wala hayakai katika kamati. Kila mara mwanamke alipozuiliwa mlangoni mwa mchezo huu palikuwa na mtu aliyeshika komeo, na aghalabu jina la mtu huyo limeandikwa, pamoja na siku aliyolishika.

Softiboli na ianze kutoa ushahidi, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kuwa ya kike tangu kuzaliwa. Ilizaliwa Chicago katika Novemba 1887, katika jengo la klabu ya mashua iliyoitwa Farragut, miongoni mwa vijana wanaume waliokuwa wakingoja habari za mechi ya vyuo vya Harvard na Yale. Mmoja wao alitupa glavu ya ndondi, mwenziwe akaipiga kwa fimbo, na George Hancock akaifunga glavu ile ikawa mfano wa mpira. Vijana wale walitaka besiboli ya kuchezea ndani wakati wa baridi. Mwanamke hakuwamo katika fikira zao. Huko Minneapolis wazima moto walicheza mchezo wa namna hiyo ili kunyoosha viungo katika saa za zamu. Jina la softiboli lilipatikana mwaka 1926, na katika mashindano makubwa yaliyofanywa Chicago mwaka 1933 wanaume walishindana kwa upande wao na wanawake kwa upande wao. Jina lenyewe lina hila, kwani tafsiri yake ni mpira laini, na yeyote aliyepigwa nao kifuani aweza kueleza ulaini wake.

Wanawake nao walikuwa wamekwisha kuanza besiboli miaka 21 kabla ya glavu ile kutupwa. Wanafunzi wa chuo cha Vassar, katika jimbo la New York, waliunda timu zao mwaka 1866. Katika Septemba 1875, mjini Springfield, Illinois, timu mbili za wanawake zilicheza mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Ziliitwa kwa rangi ya nywele, za dhahabu upande mmoja na nyeusi upande wa pili, na majina hayo yanaonyesha wazi wenye timu walikuwa wakiuza nini. Ukweli huo haufai kufichwa. Wengi waliomfungulia mwanamke mlango wa mchezo wa malipo walimfungulia kama kioja, na kioja kikichujuka hufungiwa. Hata hivyo, tangu miaka ya 1890 hadi 1934 timu zilizoitwa Bloomer Girls, kwa ajili ya suruali pana walizovaa, zilisafiri kwa reli mji hata mji zikicheza na wanaume wa kila mahali, na wanawake wakalipwa ujira. Katika timu hizo walichanganywa vijana wanaume wachache, wengine wakiwa wamevikwa nywele za bandia. Mmoja wao alikuwa Joe Wood, aliyeanza kazi yake ya malipo hapo mwaka 1906 kabla ya kuwa mrushaji mashuhuri wa Boston. Haikupata kusemwa kwamba kucheza na wanawake kulimdhoofisha bega.

Albert Spalding, aliyekuwa mchezaji kisha tajiri wa vifaa vya michezo, aliandika kitabu mwaka 1911 akakata shauri kwamba mahali pa mwanamke ni jukwaani, ashangilie. Wakati Spalding anaandika, binti mmoja wa Ohio, Alta Weiss, alikuwa amekwisha kurusha mpira katika timu za wanaume tangu 1907, na mapato ya mchezo yalimsaidia kusoma udaktari, akahitimu mwaka 1914. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwenye kitabu alikuwa na kitabu. Mwenye bega alikuwa na bega tu, na vitabu ndivyo vinavyosomwa na wajukuu.

Tarehe 2 Aprili 1931, katika mji wa Chattanooga, Tennessee, msichana wa miaka 17 aitwaye Jackie Mitchell, mwenye kutupa kwa mkono wa kushoto, aliwekwa kuwakabili wachezaji wa New York Yankees. Babe Ruth alitolewa. Lou Gehrig akatolewa baada yake. Wa tatu alipewa kituo cha kwanza bila ya kupiga, na hapo Mitchell akaondolewa. Wapo wanaoshikilia kwamba magwiji wale walifanya mzaha, maana mchezo ulikuwa umepangwa kufanyika tarehe mosi Aprili kabla mvua haijauahirisha, na mwenye timu ya Chattanooga alikuwa mtu wa maonyesho. Yamkini. Wapo pia, upande wa watetezi wa wanawake, wanaosimulia kwamba kamishna Landis aliufuta mkataba wa msichana huyo siku zilizofuata. Watafiti wamelitafuta agizo hilo wasilione, na si vema kupigania haki kwa hadithi isiyo na karatasi, hali karatasi zipo tele.

Karatasi iliyo wazi kuliko zote ni ya mwaka 1952. Timu ya Harrisburg, Pennsylvania, iliyokuwa chini katika msimamo wa ligi yake ndogo, ilimwandikisha Eleanor Engle, kijana wa kike aliyekuwa akifanya kazi ya ukarani wa hati mkato. Alivaa sare, akafanya mazoezi pamoja na timu, akapigwa picha. Hakuingia mchezoni hata mara moja. Tarehe 23 Juni, George Trautman, mkuu wa ligi ndogo zote, akiungwa mkono na kamishna Ford Frick, alitangaza kwamba mkataba wowote wa mwanamke hautakubaliwa, na timu itakayojaribu tena itaadhibiwa vikali. Msomaji na apime jambo hilo taratibu. Ikiwa maumbile yamekwisha kumkataza mwanamke kucheza besiboli, Trautman alikuwa akikataza nini? Hakuna baraza lililowahi kukaa likawapiga marufuku samaki kupanda minazi. Sheria huwekwa mahali ambapo jambo laweza kutendeka, na adhabu huongezwa mahali ambapo mweka sheria anaogopa kwamba litatendeka. Engle hakupewa hata nafasi ya kushindwa. Kama angalisimama mbele ya mrushaji na kukosa mipira mitatu, wenye hoja ya maumbile wangalipata ushahidi wao wa bure. Lakini waliona heri kuukosa ushahidi kuliko kuutafuta.

Wakati barua hiyo inaandikwa, si mbali na hapo, wanawake walikuwa wakicheza besiboli kwa mshahara kila jioni.

Ligi yao ilianzishwa mwaka 1943 na Philip Wrigley, tajiri wa chingamu na mwenye timu ya Chicago Cubs, kwa hofu kwamba vita vingewachukua wachezaji wanaume wote na kuviacha viwanja vitupu. Ilianza na timu nne: Racine, Kenosha, Rockford na South Bend. Wachezaji walilipwa baina ya dola 45 na 85 kwa juma, ujira ambao wengi wao hawangeupata kiwandani. Kwa upande mwingine walivishwa sketi fupi, vazi ambalo kila aliyejitupa chini kuwahi kituo aliondoka na paja lililochubuka. Walifundishwa kukaa, kutembea na kujipamba. Waliamriwa kupaka rangi ya midomo. Nao walifuatwa kila safari na mwangalizi wa kike. Jina la ligi liliwaita wasichana, nao walikuwamo wake za watu na mama za watoto. Dottie Collins alirusha mpira katika msimu wa 1948 akiwa mja mzito. Neno msichana katika jina la ligi lilifanya kazi ileile ya sketi.

Lakini jambo la ligi hiyo linalostahili kusomwa kwa makini kuliko sketi, na ambalo wasimuliaji wa filamu hulipita mbio, ni mabadiliko ya mpira wenyewe. Mwaka 1943 ligi ilianza na mpira wa softiboli wenye mzingo wa inchi 12, ukitupwa kwa mkono wa chini, mrushaji akisimama futi 40 kutoka kwa mpigaji, na vituo vikitengana kwa futi 65. Kisha kila baada ya msimu mmoja au miwili mpira ulipunguzwa na kiwanja kikapanuliwa. Mwaka 1948 mkono ulipanda rasmi juu ya bega. Mwaka 1954, msimu wa mwisho, mpira ulikuwa ni uleule wa wanaume, mrushaji alisimama futi 60, na vituo vilitengana kwa futi 85. Katika muda wa miaka 12 wanawake walitembea kutoka softiboli hadi besiboli, hatua kwa hatua, mbele ya watazamaji waliolipa, na hapana mfupa wa kike uliovunjika kwa kuwa wa kike. Hii ndiyo sehemu ya historia inayoivunja hoja ya maumbile, kwa sababu ni jaribio lililofanywa kweli na matokeo yake yakaonekana. Mwaka 1946 Sophie Kurys wa Racine aliiba vituo 201 katika majaribio 203, maana yake alikimbia kwenda kituo cha mbele bila ya kungoja mwenziwe apige mpira, akafika salama mara zote isipokuwa mbili. Mwaka 1948 viingilio vya ligi nzima vilizidi 900,000. Mwaka 1950 timu ndogo ya wanaume ya Florida ilitaka kumnunua Dottie Kamenshek wa Rockford. Yeye alikataa, akiona kwamba alitakiwa kwa maonyesho.

Hujibiwa kwamba ligi hiyo ilikufa mwaka 1954, na soko ndilo hakimu. Hoja hii ina nguvu mpaka itazamwe upande wa pili. Mwaka 1949 ligi ndogo za wanaume zilikuwa 59. Miaka 10 baadaye hazikufika nusu ya idadi hiyo. Televisheni iliwaweka watu majumbani, magari yakawachukua kwenye starehe nyingine, na miji midogo ikapoteza timu zake. Maradhi yalikuwa yale yale. Ligi za wanaume zilipokufa ilisemwa kwamba nyakati zimebadilika. Ligi ya wanawake ilipokufa kwa homa hiyo hiyo ilisemwa kwamba wanawake hawawezi.

Ingekuwa uongo kuisifu ligi hiyo bila ya kutaja rangi. Zaidi ya wanawake 600 walipita ndani yake, na hakuna Mmarekani mweusi hata mmoja, ijapokuwa Jackie Robinson alikwisha kuingia ligi kuu ya wanaume mwaka 1947. Mamie Johnson, mrushaji mwembamba mfupi, alikwenda kwenye majaribio ya wanawake huko Alexandria, Virginia, akageuzwa mlangoni. Kwake yeye sketi haikuwa dhuluma ya kulalamikia. Hakufikishwa hata kwenye sketi. Walioamriwa kupaka rangi ya midomo na walioamriwa kurudi nyumbani hawakutendewa jambo moja, na historia inayowaweka wote katika fungu moja la wanawake huwadhulumu hao wa pili mara nyingine.

Mlango uliofunguka kwake ulikuwa wa ligi za watu weusi, ambazo zilikuwa ligi za wanaume. Mwaka 1953 Toni Stone aliingia timu ya Indianapolis Clowns akicheza kituo cha pili, katika timu aliyokuwamo Hank Aaron mwaka uliotangulia. Johnson alifuata, kisha Connie Morgan mwaka 1954. Stone alitakiwa avae sketi. Akakataa, akavaa suruali kama wenzake. Mwenye timu alitaka viingilio, hilo halina ubishi, na baadhi ya wanaume wenzake hawakumkaribisha. Ila alicheza kwa mpira ule ule, umbali ule ule, mbele ya warushaji wale wale. Na kabla yao, Effa Manley alikuwa ameiendesha timu ya Newark Eagles pamoja na mumewe, ikatwaa ubingwa wa mwaka 1946. Mwaka 2006 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown. Maofisini pia palisemwa kwamba maumbile hayaruhusu.

Yabaki maelezo ya jinsi softiboli, mchezo wa wanaume wa Chicago, ulivyopata kuwa wa kike. Mwaka 1950 binti mmoja, Kathryn Johnston, alikata nywele, akajiita kwa jina la kiume, akaandikwa katika timu ya watoto ya Little League. Kanuni ya kuwakataza wasichana ikaandikwa mara moja baada yake. Hapo tena kanuni ilikuja nyuma ya mtoto aliyekwisha kuthibitisha kwamba anaweza. Mwaka 1972 Maria Pepe wa Hoboken, New Jersey, mwenye miaka 12, alirusha mpira katika michezo mitatu kabla ya shirika hilo kutishia kuinyang'anya timu ya mji wake kibali. Shauri likafika mbele ya Idara ya Haki za Raia ya jimbo. Makamu wa rais wa Little League, mtaalamu wa elimu ya mwili, alitoa ushahidi juu ya udhaifu wa mifupa ya wasichana. Mwamuzi, Sylvia Pressler, hakuridhika naye, na mwaka 1973 akahukumu kwamba wasichana waruhusiwe. Maria alikuwa amekwisha kupita umri wa kucheza.

Mwaka 1974 shirika lilisalimu amri. Na mwaka huo huo wa 1974 lilianzisha softiboli ya wasichana. Mkono wa kuume ulifungua mlango, wa kushoto ukaonyesha chumba kingine. Hakuna aliyefukuzwa tena. Mama na binti walioneshwa tu, kwa tabasamu, mahali pa kujiandikisha. Shule nazo zilifuata. Sheria ya elimu ya mwaka 1972 ilikataza ubaguzi wa jinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na shule nyingi zilitimiza wajibu huo kwa njia iliyo nyepesi: mvulana besiboli, msichana softiboli, hesabu imelingana. Vyuo vikuu vilianza mashindano ya kitaifa ya softiboli ya wanawake mwaka 1982 chini ya chama cha NCAA, na chama hicho hakijawa na mashindano ya besiboli ya wanawake. Kizazi kimoja tu kilitosha. Waliozaliwa baada ya hapo waliukuta mgawanyo umekwisha kukaa, wakadhani ulikuwapo tangu Adamu.

Si neno la kuidharau softiboli. Katika miaka ya 1960 Joan Joyce, mrushaji wa Connecticut, alimkabili Ted Williams, mmoja wa wapigaji hodari kabisa wa karne yake, na Williams alipata taabu kuugusa mpira. Mwaka 2004 Jennie Finch alimtoa Albert Pujols. Mrushaji wa softiboli husimama karibu, na mpira humfikia mpigaji kabla hajaamua. Ni mchezo mgumu na wa heshima, na msichana anayeuchagua hana deni kwa mtu. Kosa limo katika kumwambia kwamba amechagua, hali aliwekewa sahani moja mezani.

Na hao waliosema kwamba softiboli ndiyo haki yake, je, waliigharimia? Ligi ya malipo ya softiboli iliyoanzishwa mwaka 1976 na Joan Joyce na Billie Jean King, mcheza tenisi, pamoja na Dennis Murphy, ilikwisha baada ya msimu wa 1979. Nyingine ilianza mwaka 1997. Nyingine ikacheza tangu 2004, na ilipofungwa mwaka 2021 ilikuwa imebaki na timu chache. Fedha za ligi kuu ya besiboli ya wanaume ziliwekwa katika ligi ya softiboli mwaka 2025, yaani miaka 51 baada ya wasichana kuoneshwa chumba chao. Mwenye nyumba alimpa mgeni chumba, akasahau kitanda.

Wapinzani wana namba moja wanayoipenda. Mwaka 1994 timu ya wanawake ya besiboli, Colorado Silver Bullets, ilizunguka nchi ikicheza na wanaume, ikashinda michezo 6 na kushindwa 38. Namba hiyo ni ya kweli. Ni kweli pia kwamba wengi wa wachezaji wale walilelewa katika softiboli, na walikuwa wakijifunza mpira mdogo ukubwani, kila jioni, mbele ya kadamnasi. Mwaka 1997 timu hiyo hiyo ilishinda 23 na kushindwa 22, kisha mdhamini, kampuni ya pombe, akaondoka. Mwaka uliofuata Ila Borders, mrushaji wa Duluth, alishinda mchezo wa ligi ya malipo ya wanaume akiwa ndiye aliyeuanza. Yeye alicheza besiboli tangu utotoni, kwa kuwa alikataa kuhamishwa.

Katika Agosti 2025 mamia ya wanawake walikusanyika Washington kujaribiwa kwa ajili ya ligi mpya ya besiboli ya malipo. Timu zake nne zilipewa majina ya Boston, Los Angeles, New York na San Francisco, na Novemba mwaka huo wachezaji wakagawiwa. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Kelsie Whitmore, aliyekwisha kucheza na wanaume, na ambaye chuoni alicheza softiboli. Michezo ya msimu wa kwanza, wa mwaka 2026, ilipangwa kufanyiwa Springfield, Illinois, mji ule ule ambako mwaka 1875 timu mbili ziliitwa kwa rangi ya nywele.